Mguu wa Mkimbizi

Wiki iliyopita fundi alikuja kumalizia dari ya nyumba yangu hapa Shanwe, Mpanda. Alimwaga unga wa jipsamu kwenye ndoo, akatia maji, akaanza kukoroga kwa kipande cha mbao. Mimi nilikuwa nimepita tu kumletea chai, nikasimama palepale. Harufu ile. Si nzuri wala si mbaya. Ni kama chaki iliyolowa, kama ukuta uliopakwa chokaa ukanyeshewa mvua ya kwanza. Fundi akaniuliza, "Vipi mama, kuna mahali nimekosea?" Nikamwambia hapana, endelea. Lakini sikutoka. Nilivuta kiti cha plastiki nikakaa kumwangalia akipaka, na mguu wangu wa kulia, ambao haujaniuma miaka mingi, ukaanza kusikia joto.

Nilizaliwa Mishamo, kwenye makazi waliyopewa Warundi waliovuka mpaka. Wenzangu wa rika langu mliokulia kule mnakumbuka maharage yakipigwa kwa fimbo uani, vumbi lake likikwaruza kooni, na baiskeli zilizobebeshwa magunia mpaka mwenye baiskeli haonekani. Nyumbani tuliongea Kirundi. Kiswahili tulikikuta shuleni. Kabla sijajua mambo mengi ya dunia, nilijua mawili kwa uhakika: kwamba darasani kwetu hakuna aliyenishinda mbio, awe wa kike au wa kiume, na kwamba sisi ni wakimbizi. Kwa akili yangu, hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Mtoto asilaumiwe. Mwalimu alikuwa ametufundisha vizuri kabisa: anayepika ni mpishi, anayelinda ni mlinzi, anayejenga ni mjenzi. Sasa anayekimbia ataitwaje? Halafu siku ya michezo akaja afisa mmoja kwa gari, akatukuta tumepanga mistari uwanjani, mimi nikiwa bado nahema kwa ushindi. Akasema kwa sauti kubwa, "Nyie ni watoto wa wakimbizi. Msiogope. Kazeni." Nilijiona nimekua ghafla. Nilirudi nyumbani nikikimbia njia nzima, nikiamini kwamba hata baba na mama, kabla hawajazeeka, walikuwa na miguu kama yangu, na ndiyo maana serikali ikatupa mahali petu wenyewe.

Wazee nyumbani hawakulitumia neno hilo. Walipozungumza juu ya kule walikotoka waliteremsha sauti, na watoto tukatumwa maji. Basi hakukuwa na mtu wa kunisahihisha.

Msimu mmoja wa mavuno kaka yangu Nestori alinipakia juu ya gunia la mahindi, tukaenda kusaga. Kwenye mteremko kabla ya daraja breki zikakatika. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka gunia likiwa juu yangu, punje za mahindi zikimwagika shingoni kama maji, na Nestori akiita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilipouangalia mguu wangu, chini ya goti ulikuwa umeelekea upande ambao miguu haielekei. Damu ilikuwa inatoka, si nyingi, lakini Nestori alivua shati lake akaufunika ili nisiendelee kuuangalia.

Zahanati ya pale kwetu waliufunga kwa vijiti viwili na bandeji, wakasema hili ni la hospitali ya Mpanda. Kutoka nje ya makazi siku zile kulitaka kibali, na baba ndiye aliyekishughulikia, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na Kiswahili. Alikipata cha mama na mimi. Yeye ilibidi abaki na mavuno. Mama alikifunga kibali kwenye pindo la kitenge, akalikaza lile fundo kwa meno. Tulipandishwa kwenye lori la mahindi, mimi nimelazwa juu ya turubai, kichwa mapajani mwa mama. Njia nzima hakusema neno zaidi ya "Buhoro, buhoro," pole pole, kana kwamba dereva alikuwa anamsikia.

Lazima niseme juu ya mama na Kiswahili. Alikuwa anakisikia kiasi, lakini hakukisema. Zamani, sokoni, aliwahi kuomba "kiro moja ya sukari" akajikanyaga, watu wakamcheka na kumwigiza mpaka akaondoka bila sukari. Tangu hapo akafunga mdomo. Baba alimnunulia, baba alimwuzia, baba alimsemea. Na sasa alikuwa anakwenda mjini peke yake na mtoto mwenye mguu uliovunjika, na wa kumsemea alikuwa mimi.

Hospitalini palinuka dawa ya kusafishia sakafu na uji. Nesi aliyetupokea alikuwa mama mnene, Mfipa, waliyemwita Sista Skola. Aliniuliza jina, akauliza na umri, nikajibu mwenyewe. Halafu akamwangalia mama, akaangalia lile fundo la kitenge lililokuwa linafunguliwa, akauliza taratibu, "Mkimbizi?"

Mama akatikisa kichwa kukubali.

Niliona haya kwa niaba yake. Mguu ulikuwa mbele yetu sote, umepinda, hauwezi hata kusimama, na mama yangu anasema mimi ni mkimbizi. Nikajua amenidanganyia ili nisikataliwe. Nikaomba Mungu sista asinitake nionyeshe.

Waliusafisha mguu, wakaunyoosha. Hapo sitasimulia. Nililia, mama akalia, tukamaliza. Ndipo Sista Skola akamwita kijana wa plasta akamwambia, "Huyu mfunge hogo, ila acha dirisha hapa, kidonda kiwe kinaoshwa." Wodini ile plasta ngumu waliiita hogo. Mama hakulijua hogo, lakini muhogo aliujua. Nilimwona anahangaika kufungua furushi letu, akatoa mihogo iliyochemshwa aliyokuwa ameifunga kwenye jani la mgomba kwa ajili ya safari, akamnyooshea sista miwili kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Sista Skola aliitazama ile mihogo. Akanitazama mimi. Halafu akaanza kucheka, cheko lililoanzia tumboni, mpaka akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mama uso ukamwiva. Nilidhani sasa yatakuwa yale ya sukari. Lakini sista alijifuta machozi, akaupokea mmoja, akaumega katikati, nusu akampa kijana wa plasta, nusu akatia mdomoni. "Mtamu," akamwambia mama, akimpapasa begani. "Mtamu kweli, mama yangu. Asante." Kijana naye akatafuna huku anakoroga unga mweupe kwenye beseni. Hapo ndipo harufu ile iliponiingia. Walizungusha bandeji zilizolowa kwenye mguu wangu, baridi kwanza, halafu zikaanza kupata joto zenyewe bila moto, joto jema, kama mtu ameushika mguu wangu kwa mikono miwili na hataki kuuachia. Nikalala.

Tulikaa wodini muda mrefu kwa sababu ya kidonda. Kitanda cha jirani alikuwa Kabula, binti wa Kisukuma wa umri wangu, mkono wake umevunjwa na mkokoteni wa ng'ombe. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia mifugo. Kwao ilikuwa upande wa Misunkumilo, pembeni kabisa mashambani, walikohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kabula alikuwa na tabia ya kuuliza. Aliniuliza kwa nini mama yangu haongei. Aliniuliza kama Warundi wanakula panya. Honi ya treni ilipolia, nami nikashtuka kwa kuwa sijawahi kuisikia, aliniambia ni ng'ombe mkubwa anayekwenda Tabora, halafu akacheka mpaka mkono ukamuuma.

Nilikuwa na raha, nadhani, kuliko mtoto mgonjwa anavyostahili. Asubuhi mwanga uliingia kupitia vyandarua vya bluu, wodi nzima ikawa kama iko chini ya maji. Uji ulikuja kwenye ndoo. Wamama waliouguza walipika nyuma ya wodi, moshi wao ukatufikia kabla ya chakula. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa kinanila, na sikumwambia mtu.

Siku moja daktari alipita na wenzake. Akagonga plasta yangu kwa kidole kama anayebisha hodi, akasema, "Inaendelea vizuri. Lakini huyu hatakimbia leo wala kesho. Itachukua muda mrefu."

Nikapasua kilio. Daktari akashangaa. "Unalia nini? Mguu utapona!" Walipoondoka Kabula akatambaa mpaka ukingoni mwa kitanda chake.

"Unalia nini wewe?"

"Hutasema?"

"Sisemi."

Nikamwambia. Kwamba Mishamo ni makazi ya wakimbizi. Kwamba nilikuwa mkimbizi mzuri kuliko wote darasani, na sasa siwezi. Kwamba mama amedanganya mapokezi, na siku ya kurudi watanitazama mguu wangu na kusema huyu si mkimbizi tena, hana ruhusa ya kukaa Mishamo. Nilikuwa nimekwisha kumfikiria mzee mmoja wa kijijini kwetu anayetembea na magongo mawili, nikajiambia kwamba yeye pengine alikimbia vya kutosha ujanani, wakamsamehe. Mimi nilikuwa sijakimbia hata robo.

Kabula alinisikiliza mdomo wazi. Halafu akageuka akaitangazia wodi nzima. Wamama wakacheka, kitanda kwa kitanda kile kicheko kikapita kama upepo kwenye mtama. Ni mama yangu peke yake aliyebaki ameshika kikombe, anatazama huku na huku.

"Bavuze iki?" akaniuliza. Wamesema nini?

Nikageukia ukutani. Mama Kabula ndiye aliyemjibu. Alikuja akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa Kiswahili cha polepole, akitumia mikono, akikimbiza vidole viwili juu ya godoro. Mama hakucheka. Alikuja akakaa kitandani kwangu, akanivuta kichwa, akaniambia kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida na si ile ya kuteremshwa, jambo ambalo nyumbani nilikuwa natumwa maji lisinifikie.

"Mwanangu, mkimbizi si mtu anayejua kukimbia. Ni mtu ambaye kwao hakukaliki."

"Kwa nini hakukaliki?"

"Watu walikuwa wanauawa."

Nikafikiri. "Kwa hiyo wewe ulikimbia sana?"

"Mimi?" Akautazama mguu wangu mweupe. "Hata hatua moja. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Bibi yako alinibeba mgongoni mpaka mto Malagarasi, akavuka na mimi nimelala. Nasikia hata sikulia."

"Sasa kama hukukimbia, kwa nini na wewe ni mkimbizi?"

Kwa mara ya kwanza tangu gunia liniangukie, nikamwona mama anacheka. "Sijui," akasema. "Kweli sijui. Kamwulize afisa."

"Na mimi?"

"Wewe umezaliwa palepale Mishamo, kwenye kitanda cha baba yako. Hujakimbia mahali. Wewe umeanguka na baiskeli."

Nilitulia. Leo, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, najua kwamba maneno yale yangeweza kumtia mtoto hofu kuliko ile niliyokuwa nayo. Lakini niliyasikia nikiwa nimeegemea mbavu za mama, wodi ikiwa imejaa watu na moshi wa maharage, na kilichonikaa ni kwamba hakuna atakayenipima mbio. Habari ya watu kuuawa ilinijia baadaye, kidogo kidogo, nilipokuwa mkubwa wa kuibeba.

Mama Kabula alikuwa bado amechuchumaa. "Anasema nini mama yako?" Nikamtafsiria yote, pamoja na bibi na mto. "Sisi hatukufukuzwa na watu," akasema. "Sisi tulifukuzwa na jua. Ng'ombe walikuwa wanaanguka wamesimama. Lakini hapa pia tunaitwa wageni, mayo, mama yangu. Kila mahali kuna mtu aliyefika kabla yako." Akatoka nje, akarudi na kibuyu cha maziwa mgando, akammiminia mama kikombe kilekile alichokuwa amekishika.

Tangu siku hiyo walipika jiko moja. Mwanzoni walionyeshana vitu kwa vidole. Halafu mama akauliza jina la Kabula maana yake nini, nikatafsiri, na Mama Kabula akaonyesha juu, akashusha vidole kama matone. "Mbula," akasema. Mvua. Alizaliwa mvua ikinyesha.

"Imvura!" mama akapiga kelele, kama mtu aliyemwona jirani yake wa zamani ugenini.

Wakaanza kutafuta mengine. Maziwa hayakukubali, moto haukukubali. Njaa ilikubali: huyu anasema inzara, yule anasema nzala. Walicheka kwamba katika vitu vyote, mvua na njaa ndivyo vilivyosafiri na kila mtu. Na palipokuwa hakuna neno linalofanana, ikabidi watumie Kiswahili, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, na kwa kuwa Kiswahili cha Mama Kabula nacho kilikuwa kinachechemea. Nilikuwa nalala nikiwasikia dirishani. "Reta sufuria." "Chukuwa hii, iko na chumvi tayari." Mama yangu alikuwa anasema rara badala ya lala na muguu badala ya mguu, na hakuna aliyemwigiza. Sista Skola akipita alikuwa anamwita "mama muhogo", na mama anamjibu, "Sista, reo hamuna muhogo, reo ni viazi!" Kwa sauti! Nilikuwa nafumba macho nisikilize vizuri, kwa sababu kwa Kiswahili mama yangu alikuwa mchekeshaji, na nyumbani hatukuwahi kulijua hilo.

Kabula aliruhusiwa kabla yangu. Mama yake aliaga wodi nzima, akamwambia mama, "Nitakuja kwako." Mama akasema karibu, kama watu wanavyosema. Wote tulijua Mishamo si mahali pa kuingia tu kama sokoni.

Plasta yangu ilipokatwa, mguu uliotoka ndani haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, una magamba, una nywele, mfano wa mguu wa kuku aliyenyonyolewa vibaya. Kijana wa plasta akasema atakula atanenepa. Nilijifunza kutembea upya nikishika vitanda, na wamama wakinipigia makofi kana kwamba nina mwaka mmoja. Baba alikuja kutuchukua, amevaa shati lake la kanisani. Alipoanza kumwuliza sista maswali kwa niaba ya mama, mama alimwacha amwulize. Hakumwambia kitu. Nadhani hakujua aanzie wapi.

Nyumbani mguu ulinenepa kweli. Siku moja mbuzi waliingia kwenye mihogo, nikatoka mbio kuwafukuza, na nilipokuwa nimekwisha kuwatoa, nikiwa nahema kwenye mpaka wa shamba, ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimekimbia. Nilikaa chini nikauangalia mguu kidogo. Halafu nikarudi kula.

Mama Kabula alikuja maharage yalipokuwa yanaanikwa. Lori lilimshusha barabarani, akaja na Kabula, na kibuyu, na kuku wawili miguu yao imefungwa, wakiongozwa na kijana wa ofisi ya makazi aliyekuwa amechoka kabisa. "Huyu mama," kijana akamwambia baba, "amekaa ofisini tangu asubuhi. Tunamwuliza, wewe Msukuma una ndugu gani Mishamo? Anasema, wa wodini. Tukimwuliza ukoo, anasema, wa wodini." Baba alisimama na reki mkononi. Katika maisha yangu yote hakuna mtu asiye Mrundi aliyewahi kukaa kwenye mkeka wetu, ukiacha waliokuja kuhesabu watu na kuondoka.

"Uyu ni nde?" baba akamwuliza mama, taratibu. Huyu ni nani?

Mama alikuwa ameinama anatandika mkeka. Alinyanyuka. Angeweza kumjibu kwa Kirundi kama alivyomjibu siku zote. Lakini mgeni alikuwa amesimama pale na alistahili kusikia anavyotambulishwa.

"Ni ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili, kila neno mahali pake. "Tumepika jiko moja. Baba Nestori, usisimame hivyo. Mukaribishe."

Baba alimtazama mke wake. Miaka yote ile alikuwa amemsemea sokoni, dukani, kanisani, ofisini. Akamtazama Mama Kabula, akampokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka kivulini. Reki akaiegemeza ukutani. Alizunguka nyuma ya nyumba, na baada ya kitambo tukasikia jogoo wetu mkubwa, yule ambaye hakuwahi kukubali kumuuza, akipiga kelele.